Wimbo wa Mama Kwenye Chapa ya Jembe

Vijana wa siku hizi nikiwaambia kwamba kaka yangu aliwahi kuwa na chapa yake mwenyewe ya santuri, hapa hapa mpakani Tunduma, wakati wa Mwingereza, hunitazama kama bibi aliyeanza kuchanganya mambo. Wacha wanitazame. Chapa ilikuwepo. Karatasi yake, ile ya kubandikwa katikati ya santuri, ilikuwa na picha ya jembe, jembe la kufuliwa kwa nyundo kama yale ya wazee wa Unyiha, si la dukani. Kaka alilichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, amelala kifudifudi sakafuni. Mama alipoonyeshwa alisema hilo ndilo jembe pekee ambalo mwanawe amelishika mwaka mzima.

Baba yetu alikwenda Rodesia kuchimba shaba nikiwa bado mdogo, na mgodi ukamwangukia huko huko. Hatukuletewa hata kofia yake. Kaka alipokua akaenda kulekule, mama akalia kama aliyefiwa mara ya pili, lakini huyu alirudi. Wenzake walirudi na baiskeli, mablanketi na suti za kuvalia kanisani. Kaka alishuka kwenye lori amekumbatia gramafoni, na nguo zake zote alikuwa amezifungia santuri ili zisivunjike njiani. Mwilini alivaa kaptula na koti la mtu mwingine.

Alipata kazi ya kushona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale mpakani. Huku anakanyaga cherehani, huku gramafoni inaimba. Palikuwa na santuri za Kibemba, za Kizulu, za Kiganda, na za Waswahili wa pwani. Waliokuwa wakivuka kwenda migodini walitua mizigo yao wakasikiliza. Mtu mwingine angefurahi kupata wateja. Kaka alizidi kununa.

"Hata Waganda wamo humu," aliniambia. "Sisi tumo wapi?"

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Mume wangu alinirudisha kwa sababu sikuzaa, na mwanamke aliyerudishwa hana la kujibu akiitwa ashike hiki au kile. Ndiyo maana habari za ile mashine yake ya kunasia sauti nazijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Mashine aliipata kwa mlowezi mmoja wa kahawa kule Mbozi, karibu na Igamba, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Mzungu huyo alikuwa akiitumia kunasa sauti ya kinanda cha mkewe. Kaka alitoka nyumbani na ng'ombe wetu wawili wa plau, akarudi na sanduku zito, kiroba cha nyaya, na sahani nyeusi zisizo na kitu. Mama hakumgombeza. Aliingia ndani, akatoka na jembe begani, akaelekea shamba. Nilikwenda naye. Mwaka ule tulilima kwa mikono, tukavuna ulezi usiojaza hata nusu ya ghala, na kufika masika tulikuwa tunachemsha mboga za majani na kuziita chakula.

Mashine yenyewe ilikuwa hivi. Sahani tupu ilizungushwa, na juu yake kisu kidogo kama ukucha kilichimba mstari kufuata sauti iliyoingia kwenye maikrofoni. Palipochimbwa palitoka uzi mwembamba mweusi, na kazi yangu ilikuwa kuufagia kwa unyoya wa kuku kabla haujajisokota kwenye kisu. Uzi ule ulishika moto upesi kuliko nyasi za kiangazi, kwa hiyo siku ya kazi jiko lilizimwa na tulikula viazi baridi. Jogoo tuliwahamishia kwa jirani. Chumba cha kuimbia kilikuwa lile ghala letu, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa na nafasi tele. Kaka alilizungushia mablanketi ya watu ukutani ili sauti isirukeruke.

Sahani iliyokwisha kuchongwa ilipelekwa kiwandani Nairobi, huko wakaifanyia kielelezo cha chuma cha kutolea santuri ngumu za kuuza. Sharti lilikuwa moja: sahani hiyo isipigwe kwanza. Ilikuwa laini mno. Sindano ya gramafoni ikipita juu yake mara chache tu, inakwangua kila kilichomo. Ukitaka kusikia ulichoimba, subiri santuri zirudi. Kaka alilirudia sharti hili kama katekista anayefundisha amri, nasi wote tukalijua kwa moyo.

Santuri ya kwanza ya chapa yetu ilikuwa ya wazee wa kwaya ya kanisani. Betri tuliazimwa na dereva mmoja wa lori, mtu mwema aliyekuwa akitubebea sahani kwenda Nairobi na kurudi. Lakini betri ilichoka katikati ya wimbo, sahani ikazunguka kwa kujikokota, nasi tuliokuwa ghalani hatukugundua chochote. Santuri zilipofika na kupigwa pale barazani kwa mwendo wake wa kawaida, wale wazee wazito wenye ndevu walitoka na sauti za watoto wenye haraka ya kwenda haja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakazinunua zote, wapate kwenda kucheka na makwao. Kaka alijifungia ndani, na wazee wa kwaya wakaacha kuitika salamu zetu.

Ya pili ilikuwa ya vijana wawili wa gitaa waliotoka migodini. Hiyo ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu nilisikia moja iliyopona. Nyingine zote zilifika Tunduma zikiwa vigae ndani ya sanduku. Yule dereva alishindwa hata kushuka kwenye usukani. Alikaa pale anatazama mbele mpaka kaka akamfuata, akamshika mkono, akamwambia si kosa lako, ni barabara. Kisha kaka akalibeba lile sanduku la vigae akaliingiza nyuma ya duka.

Halafu mvua ikamalizia. Unyevu uliingia kwenye sahani tupu zilizobaki, zikaanza kubanduka ngozi kama mtu aliyeungua. Tulizianika chini ya paa, tukazifukiza, tukaziombea. Ilipona moja. Na Nairobi wakatuma maneno kwa mdomo wa dereva, kwamba wamechoka kupokea kazi za kubahatisha. Watapiga moja tu zaidi, na ikiharibika hiyo tusirudi tena.

Ndipo kaka alipomgeukia mama.

Mama alikuwa Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje, aliyeolewa huku chini kwa Wanamwanga. Alikuwa na wimbo wake. Aliutunga baba alipopotea, na aliuimba akiwa anasaga ulezi tu, kamwe si mahali pengine. Maneno yake kwa Kindali ni machache: wewe uliyeingia shimoni, toka basi uje ule, ugali unapoa. Kisha jina la baba. Kisha tena. Basi. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu ambacho siwezi kukieleza, na hilo linaniuma kuliko yote nitakayoyasema. Wanawake waliokuja kuazima chumvi walisimama nje ya ukuta wasiingie, na walipoondoka walisahau chumvi.

Kwa muda mrefu mama alikataa. Alisema sauti yake si ya kusimamishwa barazani kama kanzu ya kuuza. Kaka hakumshurutisha, alikaa tu, akakonda. Kisha mama akapata kifua. Alikohoa masika yote, akakohoa na kipupwe kilipoingia, na alipokohoa alishika ukuta. Siku moja, asubuhi, akiwa ameketi juani na blanketi mabegani, alimwita kaka.

"Hilo ghala lako bado lina mablanketi?"

"Lina, mama."

"Nipeleke, kabla hili dudu la kifuani halijamaliza kilichobaki. Na lete jiwe langu. Siimbi bila jiwe."

Tulilibeba jiwe la kusagia mpaka ghalani. Nilimshika mama mgongoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikashika unyoya. Alisaga kidogo bila kuimba, akavuta pumzi, akaanza. Hakukohoa. Sijui alikizuia kifua kwa nguvu gani, maana nilihisi mbavu zake zikitetemeka kiganjani mwangu kama za kuku aliyeshikwa. Uzi mweusi ulitoka mrefu, wote mzima, haukukatika hata mara moja. Alipomaliza alianguka kwenye kifua changu, ndipo kikohozi kikamtoka chote kwa pamoja. Kaka aliinua kisu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anacheka.

"Sasa nisikie," mama akasema.

Kaka akapiga magoti mbele yake. "Mama, haiwezekani. Ukisikia leo, itaharibika, na wengine hawatakusikia kesho. Ikirudi kutoka Nairobi utakuwa wa kwanza."

"Hata mwanzo wake tu?"

"Hata mwanzo, mama. Nisamehe."

Mama alimtazama, akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Nimepika, nimefunika, sijaonja."

Lori halikuja juma lile. Mvua za mwisho zilikuwa zimekata barabara upande wa Mbeya, na dereva alikwama huko. Sahani ikakaa juu ya kabati, imefungwa kwa kanga, ikisubiri safari. Mama alikufa kabla barabara haijapitika.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi mpaka ndugu zake wa kuzaliwa wafike na waridhike. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alishuka kutoka Ibaba na watu wake kwa miguu, na kumbe njiani walikuwa wamekutana na maneno. Umbea una miguu kuliko wafiwa. Waliambiwa kwamba mtoto wa marehemu ana mashine, kamnyonya mama yake sauti akaifungia ndani ya sahani, na tangu siku hiyo mama akaishiwa nguvu mpaka akafa. Mjomba alifika uani, akapewa kigoda, hakukaa. Ndugu wa marehemu wakikataa kukaa, kaburi halichimbwi. Majembe yakalazwa chini.

"Mwipwa wangu," mjomba alimwambia kaka mbele ya watu wote, "dada yangu tuliwapeni akiwa na sauti yake. Iko wapi?"

"Iko salama, mjomba. Inangoja kwenda Nairobi. Ikirudi nitaileta Ibaba kwa mikono yangu."

"Hatuziki mtu nusu."

Kaka alijaribu kueleza. Alieleza habari za ulaini, za sindano, za kielelezo cha chuma. Alieleza vizuri, na kila alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufunga, kwa maana mtu asiye na cha kuficha anahitaji maneno mengi ya nini? Akanigeukia mimi. Nilimwambia, "Mama amelala pale ndani anasubiri. Piga." Ningemwambia vilevile hata leo. Nilitaka apumzike.

Kaka hakuweka sindano ya chuma. Alikwenda kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba, akachuma mwiba, akauchonga kwa wembe, akaupachika pale pa sindano. Mwiba ni laini kuliko chuma. Hukwangua kidogo, lakini sauti yake nayo hutoka kidogo. Mjomba alipiga goti akaingiza sikio kwenye tarumbeta la gramafoni. Nilimwona mzee yule akitulia, kisha mabega yake yakaanza kucheza, kisha akalia kwa sauti kubwa akiliita jina la utotoni la mama, ambalo hata sisi wanawe hatukulijua. Akakaa. Majembe yakainuliwa, na mama tukamzika jioni ile.

Kama mambo yangeishia hapo, sahani ingepona. Kaka aliniambia hivyo mwenyewe tukirudi kutoka makaburini, ananong'ona, na nilimhurumia kwa kuwa na matumaini siku kama hiyo.

Lakini msiba wa kwetu hauna mlango wa kufunga. Kila kundi la ndugu likifika, hata marehemu awe amekwisha zikwa, kilio huanza upya kana kwamba roho imetoka saa hiyo, na kundi la mwisho lina haki sawasawa na la kwanza. Walikuja wanawake wa Igamba aliosali nao siku za ujana wake. Walikuja wa Ileje wengine. Na kila kundi lilikuwa limesikia kwamba watu wa Ibaba wamesikilizishwa. Ungemwambia nani kwamba yeye ni mfiwa wa daraja la pili? Kaka alichonga mwiba baada ya mwiba. Kila alipourudisha mwiba mwanzo wa sahani alitazama pembeni.

Kisha akafika shangazi, dada wa baba, kutoka ng'ambo upande wa Rodesia, na umati wa wanawake waliojaza ua mpaka barabarani. Kaka akapiga. Kwa mwiba, na kwa uchovu wa sahani, sauti haikufika hata mlangoni.

"Mukwai," shangazi akasema, kwa neno la heshima la kwao lakini amejishika kiuno, "wa Ibaba wamesikia mtu. Sisi tuliomlipia mahari tusikie nzi?"

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba labda yule mtoto anaificha. Kaka alisimama katikati yao, hajanyoa, macho mekundu. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kikopo cha sindano. Nilijua anachofanya, na naye alijua kuliko mtu yeyote pale. Nimejiuliza miaka yote hii kama alishindwa na shangazi au alishindwa na yeye mwenyewe, maana hata yeye hakuwa amemsikia mama kwa sauti yake kamili tangu siku ile ya ghalani. Aliweka chuma.

Mama akatoka. Alitoka mzima, na jiwe lake, na pumzi yake kabla ya kuanza, akajaza ua wote. Toka basi uje ule. Shangazi alianguka chini kama gunia. Wanawake walipiga mayowe, mbwa wakainuka, na mimi nilijikuta nimekimbilia ghalani kumtafuta. Nasema kweli. Nilikimbia nikafungua mlango wa ghala.

"Rudia!" wakalia. Kaka akarudia. "Rudia!" Akarudia tena. Na kila mara sauti ilikuja na kitu kama mvua inayokaribia juu ya bati, mbali kwanza, halafu karibu, halafu juu yetu, mpaka ikawa ni mvua tu, na chini yake huwezi kuapa kama kuna mtu au hakuna. Sahani ilimaliza mzunguko wake. Shangazi alijifuta uso kwa kanga, akatikisa kichwa, ametulia.

"Amekwenda," alisema. "Sasa amekwenda vizuri."

Wanawake wakaitikia ee, amekwenda. Wakainuka wakaenda kupika. Walikuwa wameridhika kabisa, wala siwalaumu. Kwao msiba ulikuwa umefanya kazi yake. Kaka alibaki peke yake uani ameshika mpini wa kuzungushia gramafoni, anausukuma kidogo kidogo na hali springi imekwisha jaa.

Lori lilipokuja aliipeleka sahani hivyo hivyo. Nilimwambia aache, akasema Wazungu wana vyombo, huenda wao wakaona kilichomo chini. Alisubiri kila siku barazani, cherehani imenyamaza. Dereva aliporudi, safari hii alishuka, akamkabidhi kaka sahani ikiwa ndani ya ile ile kanga.

"Wamesema hawawezi," akasema, anatazama viatu vyake. "Wamesema ndani ya hii hamna mtu."

"Yumo," kaka akajibu.

Mwisho wa chapa ya jembe ndio huo. Hapakuwa na santuri nyingine. Karatasi za katikati zilikuwa zimekwisha pigwa chapa, na picha ya jembe, na jina la mama chini yake. Kaka alibandika moja juu ya ile sahani kwa uji wa ulezi.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiipiga. Aliketi chumbani amefumba macho, na ule mlio wa mvua unatoka, naye midomo inacheza. Mimi nilikuwa nikijitafutia kazi mbali na nyumba. Lakini Jumapili moja wageni walikuwa wanakuja na unga ulikuwa umekwisha, nikalazimika kukaa kwenye jiwe la mama. Nilisaga. Sikukusudia kitu, mikono ndiyo iliyoanza, wimbo ukaifuata. Wewe uliyeingia shimoni. Nilikuwa nimefika kwenye jina la baba nikasikia kigoda kinaanguka ndani, na kaka akatokea mlangoni mbio, mikono ameitanguliza mbele, na uso ambao sijauona kwa mtu mzima tena.

Aliniona. Mikono ikashuka.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Akarudi ndani. Gramafoni ikanyamaza, na tangu siku hiyo hakuipiga tena.

Kiangazi kilipoisha aliandikishwa tena kwenda migodini. Nilimsindikiza mpaka mpakani nimembebea blanketi. Hakuchukua gramafoni. Alisema atarudi na sahani tupu nyingi, nami niwatafute waimbaji, nikamwitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Hakurudi. Hatukuletewa kofia yake pia.

Wimbo ninao wote, sijapoteza hata neno. Nikisaga nauimba, na pale mama alipolitaja jina la baba mimi nalitaja la kaka. Wajukuu wa ndugu zangu huniuliza kama hivyo ndivyo mama alivyokuwa akiuimba. Nawaambia maneno ni hayo hayo. Sauti siijui tena. Naitafuta kila siku kwenye koo langu, na ninayemkuta ni mimi.